Massey ya mzee, magadi ya mama na yule fundi niliyemtukana miezi mitano

Haya jamani, kama mlivyoona kwenye status yangu wiki iliyopita, trekta imewaka. Sasa meseji zimekuwa nyingi, huyu anauliza imewakaje wakati ilishaota mpapai, yule anauliza umetumia shingapi, na mmoja bila hata salamu kaniuliza nauza bei gani. Siuzi. Naandika hapa yote mara moja nisirudierudie.

Kwa wasiojua, ni Massey Ferguson 135, ile ndogo ya silinda tatu, ya baba yangu, iliyokaa chini ya mwembe nyumbani Pongwe toka 2001 mi niko darasa la sita. Haikufa ghafla. Klachi ilianza kuteleza, mzee akasema ntaifungua mwezi ujao, na huo mwezi ujao ndo ukaja kuwa miaka ishirini na kitu. Watoto wote wa mtaa tumeiendesha ikiwa imesimama, vuuum kwa mdomo, tunagombania usukani, na nadhani aliyetoa kopo kwenye bomba la moshi ni mmoja wetu, kopo hilo tutalifikia.

Kutu ya Tanga mnaijua wenyewe. Mabati ya huku yanazeeka kabla ya wenye nyumba. Sasa we fikiria chuma kizima kimekaa nje, masika yake, vuli yake, na upepo wa bahari wenye chumvi juu, boneti ilikuwa ukiigusa kidole kinapita kama unabonyeza mkate wa ajemi, na kwenye kifyonza hewa, ile bakuli ya oili chini, oili imekuwa lami na nyigu wamejenga humo mji wao na serikali yao.

Mwaka jana akapita jamaa wa vyuma chakavu, akaizunguka mara mbili akampa mzee bei, laki tisa taslimu, anaikata na gesi hapohapo anaondoka na vipande. Mzee hakumjibu bei, alimuuliza tu kama keshakunywa chai. Mama ndo akanipigia simu, akaniambia mwanangu njoo, baba yako hajala mchana.

Basi nikaja.

Historia kidogo, sababu kuna watu wananiandikia eti trekta ya Mjerumani. Si ya Mjerumani. 135 zilianza kutoka mwishoni mwa 1964, kiwanda cha Coventry kule Uingereza, zikatengenezwa mpaka 1975. Jina Ferguson ni la Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ndo aliyekuja na ile mikono mitatu ya nyuma inayobeba plau kwa haidroliki, mpaka leo trekta karibu zote duniani zinabeba hivohivo. Yetu ilitoka kwenye shamba la mkonge, mzee alikuwa dereva wake kabla hajawa mwenye nayo. Enzi hizo mkonge ndo Tanga yenyewe, 1964 nchi ilitoa kama tani 230,000 na hakuna nchi nyingine iliyokuwa mbele yetu. Kazi ya mzee ilikuwa kutoa singa mbichi, yaani nyuzi za mkonge, korona kupeleka zinakoanikwa. Korona ni ile mashine ya kuchakata mkonge, wenzangu wa mikoani msishtuke, Tanga tulikuwa na korona zamani kabla dunia haijaipata. Baadae kamba za plastiki zikaua bei, shamba likaanza kuuza vitu vyake, na 1980 mzee na kaka zake wawili wakachanga wakainunua ikiwa tayari mkweche.

Fundi nilimpata Ngamiani. Mzee wa makamo ya baba yangu, naye karakana za mkonge zimemlea, simtaji jina sababu hataki, mi namuita Babu. Siku ya kwanza alipofika Pongwe akamuamkia mzee wangu kwa mikono miwili, wakaangaliana, wakacheka, wakanyamaza. Niliona lakini sikutilia maanani, nilidhani ni mambo yao ya uzee.

Kitu cha kwanza Babu alichonifukuza nacho ni boksi langu la spana. Nilikuwa nimekuja na seti mpya inang'aa, ya milimita. Trekta hizi ni za inchi. Kuna sehemu unabahatisha, spana 19 kwenye nati ya robo tatu inakubali kwa shida, 16 kwenye tano ya nane inakaa, lakini ukipeleka 13 kwenye nati ya nusu inchi umekwisha, ile ni milimita 12.7, spana inacheza, unakaza meno, unavuta, nati inakuwa mviringo kama shilingi na kutu inakucheka. Niliviringisha nati tatu asubuhi moja. Babu akaniambia, "Mjukuu, chuma kikigoma hukipigi, wakibembeleza." Akapasha moto na gesi kidogo, akaiacha ipoe, akagusisha nta ya mshumaa kwenye uzi, ikatoka. Nikaenda kutafuta spana za inchi kwa wauza mitumba.

Tukaanza kuifungua, na hapa ndo dhambi zangu zilipoanza.

Maana kila tunapofungua tunakuta mkono wa mtu. Hozi ya rejeta imefungwa mpira wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka, kama mguu wa mgonjwa. Pale inapotakiwa spilitipini, ile pini ya kukunja, kuna msumari wa inchi nne umekunjwa. Kwenye habu ya gurudumu la mbele hakuna oili sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, kuna singa za mkonge zimesukwa kama utepe wa mkeka, zimelowekwa grisi, zimezungushwa. Tangi la dizeli chini lina ufa na ufa umezibwa na sabuni. Ndiyo, sabuni, ya mche, imekauka imekuwa jiwe. Na kwenye kifuniko cha thamostati, ile inayoongoza joto la maji ya injini, gasketi, yaani kile kizibo cha kati ya vyuma viwili, haikuwa gasketi, ilikuwa karatasi ngumu ya kaki, na ukiigeuza upande wa pili unasoma herufi nyekundu zimekatwa katikati na tundu la boliti: SI, tundu, RI. Mtu alichukua jalada la faili la ofisi fulani lililogongwa muhuri wa SIRI akatengenezea trekta gasketi!

Mi nilitukana wallahi. Nilimtukana huyo fundi miezi mitano. Kanjanja, muuaji, mtu wa kufungwa, aliyemfundisha naye afungwe, kila nikitoa msumari namuongezea tusi. Mzee yuko kibarazani na kikombe chake cha kahawa na kashata, anasikiliza, hasemi kitu, anafukuza inzi. Babu kila mara anainama kama anatafuta spana iliyodondoka. Nilimuona mabega yanatingishika nikadhani ni kikohozi.

Injini sasa. Injini ilikuwa imeshika kabisa, ukiweka bomba refu kwenye nati ya puli unavuta unainua trekta sio unazungusha injini. Nikasoma mitandaoni nikapata dawa ya wazungu, oili nyekundu ya gia otomatiki nusu na asitoni nusu, ile ile ya kutolea rangi ya kucha, unachanganya unamimina kwenye matundu ya nozeli, zile zinazopulizia dizeli, unaacha. Wauzaji wa vipodozi walinishangaa, lita nzima ya asitoni, kaka una kucha ngapi. Tukaacha wiki tatu tunaongeza kidogokidogo. Haikusogea hata unywele. Kosa ambalo wengi wanafanya hapo ni kutaka kuivuta na gari ikiwa kwenye gia, nilitaka kulifanya na mi, Babu akasema ukivunja koneksheni rodi, mkono wa pistoni, hapa usinipigie simu.

Tukatoa silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini. Silinda mbili nzuri tu, zina oili. Ya tatu imeoza, kuta zake zimekuwa na magamba ya kahawia, pistoni imegandiana na slivu, ile ngozi ya ndani ya silinda, utasema imechomelewa. Babu akaangalia juu kwenye bomba la moshi, akaniangalia mimi, akauliza, "Kopo liko wapi?"

Nilivyoelewa ni hivi. Trekta ya bomba la wima unaifunika na kopo ukiilaza, kopo la Blue Band au la maziwa, chochote. Kopo lisipokuwepo mvua inashuka na bomba, na injini ikisimama kuna silinda ambayo valvu yake ya moshi imebaki wazi, basi maji yote yanaenda kuishi kwa huyo mmoja. Wenzake wawili mlango umefungwa wako salama. Kwa hiyo sio kutu ya miaka ishirini iliyoua injini, ni mtoto mmoja na kopo moja. Sijasema ni mimi.

Tukashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, tukafungua rodi ya ile silinda, zile mbili zikazunguka kwa mkono vizuri tu kama cherehani, raha niliyopata siku hiyo siwezi kuielezea. Ya tatu Babu aliipiga kutoka chini na gogo la mwarobaini, nyundo kidogo, dawa kidogo, nyundo kidogo, siku mbili, haikutoka nzima ila ilitoka.

Spea zake zipo na hili niwaambie wenye 135 zimelala majumbani. Injini hii ni Perkins ya inchi za ujazo 152, upana wa silinda milimita 91.44, na Pakistani wanatengeneza Massey 240 yenye injini ya ukoo huohuo, kwa hiyo slivu, pistoni, ringi, metali, vyote nilipata Gerezani pale Dar kwa siku moja, mtu hata hakuinua uso kuniuliza ya mwaka gani. Hedi ikasagwa valvu Dar hukohuko. Kilichonimaliza ni tairi za nyuma, hizo sisemi bei mama anasomaga hapa. Za mbele ni 6.00-16, rahisi kupata.

Haya, magadi. Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote na ndo mnayoniuliza.

Kutu unaweza kuitoa kwa msasa na brashi ya waya, na boneti na madigadi nilifanya hivo, mikono ikawa inatetemeka usiku nikiwa nimelala. Ila vitu vidogo vyenye kona kona, makopo ya taa, vishikio, pedeli, zile pini za mikono mitatu, msasa haufiki. Unachukua pipa la plastiki, maji, magadi. Ndiyo haya haya ya kuivishia maharage, nilinunua soko la Mgandini kilo tano, muuzaji akaniuliza shughuli ya nani. Unaning'iniza kile chuma chako chenye kutu katikati kwa waya, kisiguse kitu, na pembeni unazungusha vipande vya nondo chakavu pande zote, sababu umeme huu unasafisha upande unaotazamana na nondo tu, mgongoni haufiki. Halafu chaja ya betri, iwe ya kizamani, zile mpya zenye akili zinagoma. Hasi kwenye chuma chako, chanya kwenye nondo. Unawasha, inaanza kutoa mapovu madogo kama soda, unaiacha mpaka kesho yake. Ukitoa ile kutu imekuwa uji mweusi, brashi ya kufulia inatosha, na chuma kizima hakiliwi, kinachoondoka ni kutu peke yake.

Ila mnisikilize vizuri. Hasi kwenye chuma chako. Mara ya kwanza nilikuwa naongea na simu nikageuza waya, nikalala kwa furaha, asubuhi nondo zinang'aa kama mpya na kishikio cha taa ya kushoto kimeliwa kimebaki kama mwiba wa samaki. Nondo za shilingi mia tano nimezisafisha kwa kishikio cha miaka hamsini. Ndo maana mkiangalia picha taa ya kushoto imekaa tofauti, nimechomelea bapa.

Na msifanyie ndani, yale mapovu ni haidrojeni, inawaka, jirani yangu alikuja na sigara yake nikamkimbiza mpaka barabarani. Chumvi ya kupikia usitie ukidhani unaongeza nguvu, inatoa klorini. Vijiko vya stenlesi usivitumie badala ya nondo, vinatia sumu kwenye maji. Na ukishatoa chuma chako futa, anika, piga praima siku hiyohiyo, Tanga ukisema nitapiga kesho, kesho unakuta kimeshavaa kanzu ya binzari tena. Mama naye alinikuta nimemaliza na magadi yake ya jikoni, akasema nyie wanaume wa nyumba hii mna laana na vitu vyangu. Nilidhani anatania.

Rejeta na bloku ya injini havikuwa na kutu sana, vilikuwa na ukoko. Maji ya visima vya huku yana chokaa, si mnajua sufuria zenu, basi ndani ya injini kulikuwa na birika la miaka hamsini, tulitoa vipande kama maganda ya mayai. Oili ya haidroliki, ile ya gia boksi ambayo ndo hiyohiyo inainua plau, zaidi ya lita 30, ilitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye mpira wa gia uliopasuka. Hiyo tulimwaga tukasafisha na dizeli mara tatu. Klachi mpya tukaweka, ndo ule mwezi ujao wa mzee huo.

Sasa siku ya tangi. Nimekaa chini nakwangua sabuni kwenye ufa ili tupeleke kuchomelewa, naongea peke yangu kama kawaida, nikasema hivi huyu mshenzi alikosa hata akili ya kujua sabuni sio chuma? Mzee akaweka kikombe chini. Akasema taratibu tu, "Hiyo sabuni ilikuwa ya nepi za dada yako."

Nikanyamaza.

Akasema, "Ilikuwa 1981. Sabuni tulipanga foleni tangu alfajiri. Mama yako alininunia mwezi mzima."

Na mama kutoka jikoni, hakuulizwa, akajibu, "Bado nimenuna."

Babu wakati huo hatafuti tena spana, amekaa chini kabisa anafuta machozi kwa kanga ya mtu. Kumbe zile singa kwenye habu alizisuka yeye kwa mkono wake. Wote wawili. Miezi mitano nimewatukana usoni, shikamoo asubuhi, matusi mchana.

Mzee akanieleza, na hii sehemu kwa kweli sikuwa nimewahi kuiunganisha kichwani. Spea za Massey Tanga zilikuwa zinatoka Mombasa, unakwenda asubuhi unarudi jioni. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Hapo katikati vita ya Kagera, fedha za kigeni hamna, ukitaka oili sili uandike barua. "We unasema mbona hakuweka gasketi, nimpelekee nani hela anipe gasketi?" Akasema karatasi ya jalada la faili ukiipaka grisi inakaa kwenye maji miaka, unailaza juu ya chuma unagonga ukingoni na nyundo ndogo inajikata yenyewe kwa umbo. Nikamuuliza na hilo faili ulilitoa wapi mzee. Akasema, "Si imeandikwa hapo?"

SIRI. Sijapata jibu mpaka leo.

Kuwasha sasa. Tulikuwa tumefunga kila kitu, rangi tumepiga, boneti nyekundu, injini na gia boksi kijivu, rimu rangi ya fedha, watu wa mtaa wamejaa, mtoto wangu kapanda juu ya mwembe. Tukatoa upepo kwenye dizeli, unalegeza skrubu ya filta unapiga ile mkono ya pampu ndogo mpaka povu liishe, halafu pampu kubwa, halafu unalegeza nati za nozeli. Nikageuza ufunguo. Kimya. Nikageuza tena. Kimya, hata kiki hamna. Nikaangalia betri, nikaangalia waya, nikafungua starta nikaifunga, jua linapiga, watu wameanza kuondoka, kuna mtu akasema si bora angechukua ile laki tisa. Saa nzima na nusu. Mzee akainuka na bakora yake, akaja, hakusema kitu, akasukuma kile kigia kidogo cha mwendo mkubwa na mdogo akakirudisha katikati. Kisipokuwa katikati starta haipati umeme, ni usalama wake. Akaniambia geuza.

Ikazunguka, ikakohoa, moshi mweupe, ikakohoa tena, halafu ikashika. Ile sauti ya silinda tatu, anayeijua anaijua, sio kama nne, ina kama kilema fulani hivi kwenye mdundo. Mzee akashusha mkono wa mafuta kidogo, akasikiliza, akasema valvu ziko wazi sana, akarudi kibarazani kumalizia kahawa. Kwa furaha ya mzee wangu hiyo ni sherehe kubwa. Na valvu kweli zilikuwa wazi, tulizirekebisha Jumatatu.

Tatizo likabaki moja. Kifuniko cha thamostati kinavuja. Niliweka gasketi mpya ya dukani, ikavuja. Nikaweka nyingine na gundi ile nyekundu, ikavuja, nadhani uso wa chuma umekuwa na mashimo mashimo sababu ya kutu. Juzi nimetoka kidogo kwenda Kange kupokea mzigo, narudi jioni nakuta trekta inaunguruma uani, mtoto amekaa kwenye usukani, kifuniko kikavu kabisa, mzee na Babu wanakunywa kahawa na nyundo ndogo iko mezani.

Nikauliza mmetumia nini. Hawakujibu. Nikaingia ndani nikakuta risiti zangu zote za trekta, zile ambazo ningewatajia jumla ya gharama kama nilivyoahidi, zimepangwa vizuri kabisa kwenye sinia la mama, na faili lililokuwa limezibeba halipo.